Kabla ya Kununua Hisa za Teknolojia: Pesa Mkononi, Deni, Kisha Bei

Kuna swali ambalo wateja wetu wanatuuliza sana siku hizi. Si lile la "nimetuma pesa kwa namba isiyofaa, nifanyeje?" Ni hili: "Niko na elfu kumi kwa simu, ninunue hisa gani ya teknolojia?"

Tunaelewa linatoka wapi. Mmoja ameona kwa status ya WhatsApp rafiki yake ameweka picha ya skrini, mishale yote ya kijani. Mwingine chama chake kimekaa Jumapili na kuanza kujadili kama zile pesa za Desemba zisigawanywe mwaka huu, zipelekwe kwa hisa za Marekani. Na kununua kumekuwa rahisi. Zamani hapa Nairobi ulihitaji kununua hisa 100 kwa mpigo. Tangu Agosti 2025 soko la NSE linaruhusu hata hisa moja. Za nje unazipata kwa programu ya simu, karibu kwa urahisi ule ule wa kununua tokeni za stima.

Hatutakuambia ununue gani. Hatuuzi hisa, na kazi ya kushauri mtu binafsi ina wenye leseni. Lakini tuna maoni, na tutayasema wazi: usinunue hisa ya kampuni yoyote ya teknolojia kabla hujajibu maswali matatu, kwa mpangilio huu. Kampuni ina pesa ya kuishi muda gani? Inadaiwa kiasi gani, deni linaiva lini na ni la sarafu gani? Na bei ninayoombwa ni faida ya miaka mingapi?

Wengi wetu tunaanza na swali la nne, "itapanda?" Hilo hakuna anayelijua jibu lake. Yale matatu majibu yake yamechapishwa, tena bure.

Tuanze na duka unalolijua

Fikiria ajenti wa pesa pale steji yenu. Anataka kukuuzia biashara yake. Utamwuliza nini? Utaanza na floti: ina kiasi gani, na ikiisha Jumamosi jioni anaijaza na nini? Utauliza kama kodi ya nyumba imelipwa au kuna miezi mitatu inadaiwa. Kisha utauliza bei.

Tuseme duka linamwachia faida ya 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Akikuuzia kwa 1,800,000, unalipa faida ya miaka 5. Unaweza kukaa chini mkaongea. Sasa akisema anataka 18,000,000 "kwa sababu mtaa huu unakua, barabara inakuja", unalipa faida ya miaka 50. Barabara inaweza kuja kweli, mtaa ukakua kweli, na bado ukawa umenunua vibaya.

Hakuna hata mmoja wetu angenunua duka hilo bila kuuliza. Ila mtu huyo huyo, akishika simu, atanunua hisa ya kampuni iliyo California kwa sababu tu ameona jina lake mara nyingi. Hesabu ya huko haina tofauti na ya pale steji, ila tarakimu tu ndizo ndefu zaidi.

Pesa mkononi: itaishi miezi mingapi?

Kampuni nyingi za teknolojia huanza kwa kupata hasara, tena kwa makusudi. Zinalipa watengenezaji wa programu, zinasafirisha mizigo karibu bure, zinashusha bei ili mteja azoee. Hilo peke yake si kosa. Lakini kila mwezi kuna pesa inatoka na hairudi, na siku ikiisha, mapenzi ya wateja hayalipi mishahara.

Mfano tunaoujua wote ni Jumia. Wengi wetu tumeagiza blenda au simu huko. Hisa zake ziliingia soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50. Mwisho wa 2021 kampuni ilikuwa na dola milioni 512.8, ukijumlisha pesa taslimu na zile zinazogeuka kuwa pesa haraka. Mwisho wa 2022 zilibaki milioni 227.8.

Fanya hesabu ya mama mboga. Zimetoka milioni 285 kwa miezi 12, karibu milioni 24 kila mwezi. Kwa mwendo huo, zilizobaki zisingefika miezi 10.

Mtu aliyesoma tarakimu hizo mbili tu mwanzoni mwa 2023 alikuwa anajua kitu ambacho mishale ya kijani na nyekundu haikumwambia: kampuni ingelazimika kukata matumizi, au kukopa, au kuuza hisa mpya. Na ndivyo ilivyokuwa. Uongozi mpya ulioingia Novemba 2022 ulikata matumizi, na mwisho wa 2023 biashara ya kupeleka chakula ikafungwa. Pesa iliyotoka mwaka huo ikapungua hadi takriban milioni 107, zikabaki milioni 120.6. Kisha Agosti 2024 kampuni ikauza hisa mpya na kupata karibu dola milioni 100.

Hapo kwa hisa mpya wengi hatuangalii. Kama kampuni ni vipande 100 nawe una 1, una asilimia 1. Wakitoa vipande 20 zaidi na kuwauzia wengine, vinakuwa 120. Wewe bado una 1, lakini sasa ni kama asilimia 0.83. Si wizi, kwa sababu pesa ya hivyo vipande vipya imeingia kwa kampuni. Ila faida ikija siku moja, mtaigawana mkiwa wengi zaidi. Na kampuni iliyoishiwa pesa haina nguvu ya kupanga bei: inauza hisa mpya kwa bei ya siku hiyo, nzuri au mbaya.

Kipimo chetu ni rahisi. Chukua pesa iliyopo, gawanya kwa inayotoka kila mwezi. Ikitoka chini ya miezi 18, na hakuna dalili kwamba matumizi yanapungua, sisi tungekaa kando na kuangalia kwanza.

Deni: nani anakula kwanza?

Tumelelewa tukiambiwa deni ni baya. Kwa kampuni mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 2013 Apple ilikuwa na akiba ya takriban dola bilioni 145. Hata hivyo mwezi wa Aprili iliuza hati fungani na kukopa bilioni 17. Mbona tajiri akope? Sehemu kubwa ya pesa yake ilikuwa nje ya Marekani, na kuirudisha nyumbani kungeitoza kodi nzito kuliko riba ya mkopo. Ni kama mtu aliyeweka pesa kwa akaunti ya muda maalum, akaona ni nafuu kuchukua mkopo mdogo wa sacco kuliko kuvunja akaunti kabla ya wakati. Deni kama hilo halimkoseshi mwenye hisa usingizi.

Sasa linganisha na Global Crossing. Miaka ya mwisho ya 1990 kampuni hii ilitandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Dunia ilizihitaji nyaya hizo. Lakini ilizijenga kwa mikopo, na mapato yakaja polepole kuliko riba. Januari 2002 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 12.4. Nyaya hazikung'olewa. Mwekezaji mpya akaingia, huduma ikaendelea. Wenye hisa wa zamani wakatoka mikono mitupu.

Tungependa kila mteja wetu akumbuke mfano huo. Unaweza kuwa sahihi kuhusu teknolojia na bado ukapoteza kila shilingi, kwa sababu kwenye foleni ya malipo mwenye hisa ndiye wa mwisho. Wafanyakazi, serikali, benki na wenye hati fungani wote wako mbele yako. Sufuria ikifika kwako, unakuta ukoko, au hata ukoko haupo.

Kwa hiyo ukubwa wa deni pekee hautoshi. Uliza pia linaiva lini, na ni la sarafu gani.

Kuhusu kuiva, angalia Amazon. Februari 2000 ilikopa yuro milioni 690 kwa hati fungani za kulipwa 2010. Mwezi uliofuata soko la teknolojia la Marekani lilianza kuporomoka. Hisa ya Amazon, iliyokuwa imevuka dola 100 Desemba 1999, ilianguka hadi chini ya dola 6 mwaka 2001. Lakini mwisho wa 2000 kampuni ilikuwa bado na karibu dola bilioni 1.1 mkononi, na mkopo ule ulikuwa na miaka mingi mbele yake. Ikapata muda wa kujipanga. Robo ya mwisho ya 2001 ikatangaza faida yake ya kwanza, dola milioni 5. Kama deni lile lingeiva 2001 badala ya 2010, pengine leo jina hilo lingekuwa moja kati ya mengi tuliyoyasahau.

Kuhusu sarafu, mfano uko Afrika. Airtel Africa hutoa hesabu zake kwa dola, lakini wateja wake wanalipa kwa naira, shilingi na kwacha. Juni 2023 Nigeria iliiachia naira ijitafutie bei sokoni, na kabla mwaka haujapita ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 89, baada ya faida ya milioni 750 mwaka uliotangulia. Wateja hawakuwa wamekimbia; idadi yao iliongezeka. Shida kubwa ilikuwa naira iliyodhoofika wakati kuna majukumu ya kulipwa kwa dola. Hapo hapo tuseme na zuri lake: kampuni ilikuwa imeweka pesa kando, na Mei 2024 ikalipa deni la dola milioni 550 lilipoiva. Deni lilipofika, pesa yake ilikuwa tayari. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye ripoti.

Bei: kampuni nzuri, hisa mbaya

Tuseme kampuni imepita maswali mawili ya kwanza. Ina pesa, na deni lake linabebeka. Hapo ndipo watu hulegeza mkono na kununua kwa bei yoyote, na hapo ndipo wengi wanaumia.

Zoom tuliitumia sote wakati wa korona: mikutano ya kazi, harusi, hata mazishi. Haikuwa na madeni ya kutisha, na pesa ilikuwa nayo. Mauzo yake yalitoka dola milioni 623 kwa mwaka ulioishia Januari 2020 hadi bilioni 2.65 mwaka uliofuata. Hisa yake ilifika dola 568 mwezi Oktoba 2020, na kampuni nzima ikawa na thamani ya takriban dola bilioni 160. Faida ya mwaka huo? Dola milioni 672. Gawanya: unalipa faida ya zaidi ya miaka 230.

Mwaka uliofuata faida ikawa mara mbili. Hata hivyo hisa ikashuka, na mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 70. Kampuni haikufilisika wala haikuiba. Ukuaji ulipoanza kupungua, bei ile ikakosa cha kuishikilia.

Hapa nyumbani NSE haina kampuni nyingi za teknolojia. Iliyo karibu zaidi na jina hilo ni Safaricom, na safari yake inafundisha kuliko kitabu. Agosti 2021 hisa ilifika kama shilingi 44. Kampuni ina hisa karibu bilioni 40, kwa hiyo soko liliipa thamani ya shilingi trilioni 1.76. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi bilioni 68.7. Ukigawanya, unapata karibu miaka 26. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 1.37 kwa hisa, kama asilimia 3 ya bei.

Ruka hadi mwisho wa 2023. Hisa ni kama shilingi 14. Faida imeshuka, ndiyo, kwa sababu ya gharama za kuanza Ethiopia na mengine: shilingi bilioni 52.5 kwa mwaka ulioishia Machi 2023. Hiyo ni pungufu ya karibu robo. Lakini bei ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa shilingi 14 ulikuwa unalipa faida ya kama miaka 11, na gawio la shilingi 1.20 lilikuwa zaidi ya asilimia 8 ya bei. Mwaka 2025 hisa ilivuka tena shilingi 25.

Mwaka 2021 na mwaka 2023 kampuni ilikuwa ile ile, na minara na wateja karibu ni wale wale. Aliyenunua kwa 44 na aliyenunua kwa 14 walinunua kitu kimoja, na wako mahali tofauti kabisa leo. Ajabu ni kwamba ilipokuwa 44 ndipo watu walikuwa wanaiulizia, na ilipofika 14 wengi wakawa wanaikimbia.

Anayedhani muda hurekebisha kila kitu aikumbuke Cisco. Machi 2000 kampuni hiyo ya mitambo ya mtandao ilikuwa kwa muda mfupi yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya dola bilioni 500, na hisa yake iliuzwa kwa zaidi ya mara 100 ya faida. Intaneti ilikua kama walivyosema. Cisco iliendelea kuuza mitambo na kupata mabilioni. Aliyenunua pale kileleni, karibu dola 80, alingoja zaidi ya miaka 20 kuona bei hiyo tena.

Jambo moja zaidi kabla hatujaiacha bei: maswali matatu yanaungana. Rudi kwa ajenti wetu. Anataka 1,800,000, lakini duka linadaiwa 600,000 na lina 200,000 kwa droo. Ukinunua, deni linakuwa lako na droo inakuwa yako. Bei yako ya kweli ni 1,800,000 jumlisha 600,000 toa 200,000, yaani 2,200,000. Faida ya miaka 6 na kidogo, si 5. Fanya hivyo hivyo kwa kampuni kubwa: thamani ya hisa zote, jumlisha deni, toa pesa mkononi. Kampuni mbili zenye bei sawa sokoni zinaweza kuwa na bei tofauti sana ukishafanya hesabu hiyo.

"Lakini mkisubiri faida mtaikosa Amazon inayofuata"

Pingamizi hili tunalisikia, na lina uzito. Ni kweli kwamba ukingoja kila kampuni ipate faida nzuri, kuna chache zitakazokuacha. Na kwa kampuni yenye hasara huwezi kugawanya bei kwa faida, kwa sababu faida haipo.

Jibu letu ni hili. Kwanza, Amazon tunaijua kwa sababu ilipona. Nyingi za wakati wake zilizokuwa na hadithi tamu kama yake hazipo leo. Pili, kilichoiokoa ni vile vile tunavyovisema: pesa mkononi, na deni lenye muda mrefu. Kwa kampuni yenye hasara, maswali mawili ya kwanza yanakuwa mazito zaidi. Tatu, hata baada ya soko kuanguka, kulikuwa na miaka mingi ya kuinunua Amazon ikiwa tayari na faida. Usiingie kwa sababu mtu amekuambia gari linaondoka sasa hivi. Matatu zipo nyingi.

Deni lako wewe

Mpaka hapa tumeongea juu ya deni la kampuni. Kuna deni lingine linalotutia wasiwasi zaidi: la mnunuzi.

Wenye umri wanakumbuka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano. Watu walikopa benki ili waombe nyingi. Walipewa sehemu ndogo tu ya walizoomba, pesa iliyobaki ikarudishwa baadaye, na riba haikusubiri. Kisha hisa zikaanza kuuzwa sokoni, na kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya ile 5. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kukaa nazo. Miaka 13 baadaye aliziona zikiwa 44. Aliyenunua kwa mkopo hakuwa na miaka 13. Alikuwa na mwezi ujao.

Leo mkopo uko kwa simu na unakuja kwa sekunde. Tuseme umekopa 10,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Ukiuendeleza miezi mitatu umelipa 2,400. Hisa yako ingehitaji kupanda kwa asilimia 24 ndani ya miezi hiyo mitatu, kabla hujahesabu ada za kununua na kuuza, ili tu ubaki ulipoanzia. Sisi ni kampuni ya malipo. Tunapata ada pesa inaposonga. Kwa hiyo chukua kwa uzito tukikuambia: hiyo isonge tu ikiwa ni akiba yako, si ya karo, si ya kodi ya nyumba, na kamwe si ya mkopo.

Na kama hisa ni za dola, kuna mlango mwingine wa hasara. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyenunua hisa za dola 100 alitoa shilingi 16,000. Hata kama hisa haikusonga popote, akizirudisha alipata 13,000. Shilingi inaweza kwenda upande wa pili pia, ukafaidika. Lakini ujue unacheza michezo miwili, si mmoja.

Hesabu ya nusu saa

Hivi ndivyo tungefanya kabla ya kubonyeza "nunua":

1. Tafuta ripoti ya mwaka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwa kundi la WhatsApp. Za kampuni zilizo kwenye masoko ya Marekani ziko bure pia kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya huko.
2. Kwenye mizania, andika pesa iliyopo mwaka huu na mwaka jana. Imepungua kwa kiasi gani? Gawanya upate miezi.
3. Andika deni lote. Tafuta maelezo ya sehemu inayoiva ndani ya mwaka mmoja, na uilinganishe na pesa mkononi. Angalia pia sarafu.
4. Angalia idadi ya hisa mwaka huu na miaka mitatu nyuma. Zinaongezeka haraka? Kipande chako kinapungua.
5. Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote, jumlisha deni, toa pesa. Gawanya kwa faida ya mwaka. Hiyo ndiyo miaka unayolipia.
6. Jiulize: ingekuwa duka pale steji, ningelipa hivyo?

Na yeyote anayetaka umtumie pesa kwa till au namba yake binafsi ili "akuwekee" kwa hisa, mtafute kwanza kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Kama hayumo, maswali yetu yote matatu hayana kazi, kwa sababu hakuna hisa.

Ukimaliza hesabu na bado unaitaka hisa hiyo, nunua kidogo, kwa pesa usiyoihitaji kesho, na uiache ikae. Ukikuta hujui kujibu swali hata moja, usione aibu kuacha. Elfu kumi yako itakuwa bado iko kwa simu, na soko litafunguliwa tena Jumatatu.